Gunia lililovuka Kasumbalesa

Jumamosi moja katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, mama mmoja alikuwa ameketi nyuma ya kizimba chenye kuku watano weupe. Kijana akainama, akamshika mmoja kifuani kupima nyama, kisha akauliza: «Mama, hii kuku haiko ya OGM?» Mama akamwangalia. «Hapana, mwanangu. Hii nimeifuga miye mwenyewe ku Kisanga. Ya OGM utaikuta mu frigo.» Kijana akashukuru, akaondoka mikono mitupu. Baada ya muda mfupi nikamwona anatoka kwenye duka la vyakula vya barafu, ameshika sashe ya mapaja ya kuku.

Simlaumu. Mapaja yale yana bei nafuu kuliko kuku mzima aliye hai, na swali lake lilikuwa swali la mtu anayejali kinachoingia tumboni mwake. Lakini aliliuliza pasipo pake, na kuku aliyemkataa ndiye aliyekuwa mbali zaidi na kile alichokiogopa. Kwa hiyo nataka kuandika juu ya jambo hili polepole, maana katika mji wetu neno OGM, yaani kiumbe kilichobadilishwa vinasaba, limekuwa kama kivuli: kila mtu analiona, hakuna anayelishika. Kuku akikua haraka, ni OGM. Nyanya ikikaa wiki nzima bila kuoza, ni OGM. Yai likiwa na kiini cheupe, ni OGM. Wanaoumia kwa maneno hayo ni akina mama wa Kisanga, wa Ruashi na wa barabara ya Kasapa wanaofuga kuku mia moja au mia mbili nyuma ya nyumba.

Nianze na kuku mwenyewe. Hakuna kuku wa OGM anayeuzwa kwa ajili ya nyama mahali popote duniani. Kuku mweupe anayefikia uzito wa kuchinjwa kwa wiki sita amepatikana kwa kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi, kama mkulima anavyochagua gunzi nene la kuweka mbegu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitoa matokeo ya jaribio ambalo ningependa kila muuza kuku alijue. Walichukua kuku wa ukoo uliohifadhiwa bila kuchaguliwa tangu 1957, wa ukoo wa 1978, na kuku wa kisasa wa 2005, wakawalisha wote chakula kilekile. Kwa siku 56 wa 1957 alifika gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Chakula ni kilekile, siku ni zilezile. Tofauti ilitoka kwenye damu ya wazazi, na damu hiyo hakuna aliyeitia jeni la kigeni.

Basi swali la OGM linahama kutoka kwa kuku na kwenda kwenye chakula chake. Hapo lina maana.

Kuku wa mayai mmoja anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Ukiwa na mia moja, kilo kumi na moja na zaidi zinaondoka kila siku, yaani gunia la kilo 50 halifikishi siku ya tano. Katika ufugaji wa kuku, chakula peke yake kinameza asilimia 60 hadi 70 ya gharama. Ndani ya gunia hilo zaidi ya nusu ni mahindi, na robo hivi, mara nyingi pungufu kidogo, ni mashudu ya soya, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Kinachobaki ni pumba, chokaa kwa ajili ya ganda la yai, chumvi, unga wa dagaa kwa mwenye uwezo, na vitamini. Mahindi na soya ni mazao mawili ambayo dunia imeyabadilisha vinasaba kuliko karibu mazao mengine yote. Kuku hana namna ya kuyakwepa ikiwa aliyemchanganyia chakula hakuyakwepa.

Mwaka 1996 Marekani na Argentina zilianza kupanda soya iliyotiwa jeni la kuvumilia dawa ya magugu aina ya glaifoseti. Mkulima ananyunyiza shamba zima, majani yote yanakufa, soya inabaki imesimama. Brazili iliingia kwa mlango wa nyuma, mbegu zikivushwa kutoka Argentina, kisha ikazihalalisha kabisa kwa sheria ya mwaka 2005. Leo karibu soya yote ya Brazili ni ya namna hiyo, na Marekani zaidi ya asilimia 90 ya soya na ya mahindi pia. Ulaya hailimi soya ya OGM, lakini mifugo yake inakula mashudu yanayoletwa kwa meli kutoka nchi hizo hizo. Sasa rudi kwa kijana wa soko la Kenya. Kuku wa barafu wanaofika Kongo wanatoka kwa sehemu kubwa Brazili, Marekani na Ulaya. Paja alilobeba ndani ya sashe ni karibu hakika kwamba lilijengwa kwa soya ya OGM. Kuku wa mama wa Kisanga amekula mahindi ya hapa Katanga au ya Zambia, na mashudu yaliyotoka Zambia, nchi ambayo haijaruhusu wakulima wake kupanda OGM kwa biashara.

Kuna atakayesema: vema, basi tuyakimbie mapaja ya barafu. Hapana, sisemi hivyo pia. Soya ile haikumfanya kuku kuwa OGM, wala haimfanyi anayemla.

Jeni ni kipande cha DNA, na DNA iko katika kila chakula: katika lengalenga, katika sombe, katika samaki wa Bangweulu. Kila siku tunakula majeni kwa mabilioni na tumbo linayasagasaga kama linavyosaga kila kitu. Tumbo la kuku, lenye firigisi na tindikali yake, linafanya vivyo hivyo. Vipande vidogo vya DNA ya mimea vimewahi kuonekana kwenye nyama ya kuku, vya mahindi ya kawaida sawasawa na vya mengine, na havifanyi kazi yoyote humo. Mahindi yanayoitwa Bt yamepewa jeni la bakteria wa udongo, Bacillus thuringiensis, ili yatengeneze protini inayotoboa utumbo wa viwavi. Protini hiyo inahitaji utumbo wa kiwavi, wenye maji ya magadi na vishikio vyake maalumu, ili ifanye madhara. Kuku hana vishikio hivyo. Kwake ni protini kama nyingine, anaimeng'enya.

Hoja nzito zaidi kwangu imetoka nje ya maabara. Mwaka 2014 Alison Van Eenennaam na Amy Young wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikusanya kumbukumbu za mifugo ya Marekani kabla ya 1996, wakati hakuna OGM kwenye chakula, na baada ya 2000, wakati chakula karibu chote kilikuwa na OGM. Zilikuwa kumbukumbu za wanyama zaidi ya bilioni 100. Vifo vya kuku havikupanda, magonjwa yaliyoonekana machinjioni hayakuongezeka, ukuaji haukushuka. Kama soya ile ingekuwa sumu kwa kuku, mabilioni hayo yangetuonyesha.

Najua picha za panya wenye uvimbe mkubwa. Zimenifikia mimi pia kwa simu, mara nyingi, pamoja na sauti ya mtu anayelia. Zinatoka katika utafiti wa Gilles-Éric Séralini wa Chuo Kikuu cha Caen, Ufaransa, uliochapishwa Septemba 2012. Kwa sababu sisi tunasoma Kifaransa, picha zile zilitufikia kabla ya majirani zetu wa Zambia na Tanzania. Ambacho hakikufika ni kilichofuata: panya aliowatumia ni wa ukoo ambao wakifikisha miaka miwili hupata uvimbe kwa wingi hata wakila chakula cha kawaida, na kila kundi lilikuwa na panya kumi tu. Gazeti la kisayansi lililouchapisha liliuondoa Novemba 2013. Jingine likauchapisha upya mwaka 2014, bila kasoro hizo kuondoka. Mtu ana haki ya kuogopa. Lakini asiogope kwa sababu ya panya wale.

Kitu kimoja sitakipitisha kimyakimya, nacho ni dawa yenyewe ya magugu. Soya inayovumilia glaifoseti inavunwa ikiwa na mabaki yake, na viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu hadi miligramu 20 kwa kilo ya soya kavu, kiwango kikubwa ukilinganisha na mazao mengi. Machi 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lile lenye makao Lyon, liliweka glaifoseti katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Miezi michache baadaye mamlaka ya chakula ya Ulaya ikasema haielekei. Mabishano hayo hayajaisha. Anayetaka kuwa na wasiwasi juu ya soya ya OGM, huo ndio wasiwasi ninaouheshimu. Ila unahusu kemikali iliyonyunyizwa, na hiyo mkulima anaweza kuinyunyizia shamba lisilo na OGM pia.

Hadi hapa nimemtetea kuku. Sasa niseme ninachokiogopa mimi, na hapo ndipo natofautiana na wale wanaosema mjadala huu ni wa bure. Kinachonitia hofu ni punje nzima. Yai likishakaangwa limekwisha. Mashudu yameshapikwa na kukamuliwa, hayaoti. Punje ya mahindi iliyo hai, ikianguka kwenye udongo wa Novemba, inaota.

Kila mtu aliyeishi Lubumbashi anajua mji huu unavyokuwa mvua ya kwanza ikinyesha. Kando ya reli, nyuma ya kambi, kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajakijenga, popote penye hatua tano za udongo, mtu anapanda mahindi. Mbegu anazitoa wapi? Mwenye pesa ananunua mbegu ya kampuni. Wengine wanatumbukiza mkono ndani ya gunia lililopo nyumbani. Gunia lililopo nyumbani kwa mfugaji ni la mahindi ya kuku. Hayo yakiwa ya OGM, yatapandwa, yatatoa mbelewele, na upepo utaipeleka mbelewele hiyo kwenye mahindi ya jirani bila kuomba ruhusa. Ndani ya misimu michache utakuwa na jeni ambalo hakuna aliyeliamua, katika mbegu ambazo mababu walizichagua kwa mikono yao.

Mwaka 2002 njaa ilipopiga kusini mwa Afrika, Marekani ilituma mahindi ya msaada. Rais wa Zambia, Levy Mwanawasa, aliyakataa, akayaita sumu, na baada ya kutuma wanasayansi wake Afrika Kusini, Ulaya na Marekani bado akayakataa. Dunia ilimlaumu vikali, maana watu zaidi ya milioni mbili walikuwa hawana chakula. Mimi nakubaliana na waliomlaumu kwa neno «sumu», halikuwa kweli. Lakini tazama walichofanya Malawi, Msumbiji na Zimbabwe katika mwaka uleule. Walikubali mahindi kwa sharti kwamba yasagwe kwanza. Unga unaliwa, unga hauoti. Walitenganisha swali la tumbo na swali la shamba, na ndiyo busara ambayo sisi wa Haut-Katanga hatujaichukua, ingawa mambo hayo yalitokea ng'ambo tu ya mpaka wetu.

Kwa nini nasema jambo hili sasa? Kwa sababu usalama wetu wa leo umeazimwa kutoka Zambia. Mahindi ya Lubumbashi si ya OGM kwa vile Zambia haipandi OGM, na si kwa vile sisi tumeamua chochote. Zambia ikikauka, uamuzi wetu unakauka pamoja nayo. Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Wote tunakumbuka bei ya mfuko wa unga ilivyopanda hapa, na wafugaji wengi walivyouza kuku wao kabla ya muda kwa sababu hawakuweza kuwalisha. Zambia isipokuwa na mahindi, muuzaji mkubwa anayebaki katika ukanda huu kwa kawaida ni Afrika Kusini. Nchi hiyo ilianza kupanda mahindi ya Bt mwishoni mwa miaka ya 1990, ikaingiza meupe mwaka 2001, na leo zaidi ya asilimia 80 ya mahindi yake ni ya OGM. Malori ya Afrika Kusini yanapita Kasumbalesa, mpakani mwetu na Zambia, mchana na usiku. Ni chini ya kilomita mia kutoka hapa.

Nchi ya Kenya ilipiga marufuku kuingiza OGM Novemba 2012, ikaishi miaka kumi na marufuku hiyo, kisha Oktoba 2022, katikati ya ukame, baraza la mawaziri likaiondoa, na kesi zikaanza mahakamani. Sitaki kusema walikosea au walipatia. Ninachokiona ni kwamba uamuzi mkubwa ulifanywa wakati wa njaa, na njaa haimpi mtu nafasi ya kufikiri.

Baadhi ya watu wanapendekeza njia inayoonekana rahisi: tukubali mahindi ya OGM kwa mifugo tu, tuyakatae kwa watu. Siiamini hata kidogo, na Marekani wenyewe waliijaribu ikawashinda. Walikuwa na mahindi yaliyoitwa StarLink, yaliyoruhusiwa kwa mifugo pekee kwa sababu protini yake ilishukiwa kuleta mzio kwa binadamu. Septemba 2000 yalikutwa ndani ya vyakula vya madukani, na makampuni yakalazimika kurudisha bidhaa nchi nzima. Hiyo ni nchi yenye maghala makubwa, yenye hesabu na mikataba. Sasa nenda kwenye depo yoyote ya hapa kwetu. Mahindi yaliyorundikwa pale hayana hatima: asubuhi bei ya unga ikiwa nzuri yanakwenda kwenye mashine ya kusaga unga wa bukari, yaani ugali, jioni yaliyobaki yanapondwa kwa ajili ya kuku. Kinachoruhusiwa kwa kuku, watoto watakila. Anayetunga sheria aanzie hapo.

Je, kuna karatasi yoyote inayotulinda? Ipo. Kongo ni mwanachama wa Itifaki ya Cartagena juu ya usalama wa viumbe vilivyobadilishwa, iliyopitishwa Januari 2000 na kuanza kazi Septemba 2003. Itifaki hiyo inataka shehena ya punje za kula au za mifugo ambazo huenda zina OGM iandikwe hivyo kwenye nyaraka zake, na iandikwe pia kwamba si za kupandwa. Maneno hayo mawili, «huenda zimo» na «si za kupandwa», ndiyo ulinzi wote. Itifaki inahusu viumbe hai tu: punje inahusika, mashudu hayahusiki, paja la barafu halihusiki kabisa. Kwa hiyo aliyeiandika aliona hatari palepale ninapoiona mimi. Tena ibara yake ya 11 inaipa nchi isiyo na sheria kamili haki ya kutangaza kwamba haitapokea punje za OGM kwa mara ya kwanza bila tathmini ya hatari. Hilo linahitaji uamuzi na barua.

Lakini karatasi hiyo inaishia kwenye lori. Ikishavuka mpaka shehena inafunguliwa, inagawanywa, inatiwa ndani ya magunia mengine, na gunia la hapa kwetu linaishi maisha mengi. Nimeshaona mahindi ndani ya gunia la sukari, mashudu ndani ya gunia la mbolea, chakula cha vifaranga ndani ya gunia lenye jina la kiwanda cha Zambia ambacho hakikukitengeneza. Mama wa Kisanga anaposema kuku wake hawajala OGM, anasema kwa moyo safi, ila hana pa kusimamia. Ulaya tangu 2004 inamtaka muuzaji wa chakula cha mifugo aandike kama kina OGM zaidi ya asilimia 0.9. Mayai na maziwa ya wanyama waliokula chakula hicho hayaandikwi chochote. Naona mpangilio huo una akili: taarifa apewe mfugaji, mtu anayeshika gunia, na muuza mayai aachwe afanye kazi yake.

Nimefika kwenye jambo ambalo linaniuma kuliko yote, na ambalo katika kelele za OGM halipewi nafasi. Ni ukungu.

Mwaka 1960, mwaka uleule Kongo ilipopata uhuru, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza ndani ya miezi michache. Hakuna aliyejua ugonjwa huo. Waliuita ugonjwa X. Wachunguzi wakafuata chakula, wakafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, yaliyoota ukungu uitwao Aspergillus flavus. Sumu ya ukungu huo ikapewa jina aflatoksini. Sayansi nzima ya sumu hii ilizaliwa ndani ya gunia la chakula cha bata mzinga. Nayo inaua watu: mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye ukungu na 125 wakafa. Haiondoki kwa kupika bukari. Haiondoki kwa kupepeta. Kwa kuku inaharibu ini, inapunguza mayai, na inavunja kinga hata kuku aliyechanjwa Newcastle anakufa kana kwamba hakuchanjwa. Mfugaji anailaumu chanjo, anamlaumu jirani mwenye kijicho, na gunia limekaa palepale pembeni, lina joto na harufu ya udongo. Ng'ombe akila, sumu inapita hadi kwenye maziwa. OGM haipiti hivyo, aflatoksini inapita.

Miaka michache iliyopita nyumbani kwetu tulipoteza kuku wa mayai thelathini na wawili kati ya sitini, kwa siku tisa. Chakula tulinunua kwa muuzaji tuliyemzoea. Nilipofungua gunia hadi chini nilikuta vibonge vya kijani vimeshikana kama udongo wa mfinyanzi. Ndugu zangu walisema ni OGM. Walikuwa wamesikia kwamba OGM inaua kuku, na maiti zilikuwa mbele yao. Kwa sababu ya jina hilo hakuna aliyeuliza gunia lilikaa wapi mvua zilipoanza, wala nani aliliweka chini bila chaga. Hasira yetu ilimwendea adui asiyekuwepo.

Ndiyo maana nasema hofu ya OGM, jinsi tulivyoielekeza, ina gharama. Inakula nafasi ya hofu tunayoihitaji. Tena, niseme bila kuficha, mahindi ya Bt huwa na kiasi kidogo cha baadhi ya sumu za ukungu, hasa fumonisini, kwa vile viwavi havijayatoboa kuufungulia ukungu mlango. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Afrika mwaka 2016, wakulima wetu wamekuwa wakiangalia mahindi yao yakitafunwa hadi kwenye moyo. Siku moja watauliza kwa nini mbegu inayostahimili iko ng'ambo na wao hawana. Watakuwa na haki ya kujibiwa kwa hoja, na jibu hilo litolewe na wakulima na wanasayansi wa nchi hii, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko hapahapa Kasapa, wakiwa wameamua mchana, mbele ya watu. Lisitolewe na upepo uliotoka kwenye gunia la kuku.

Ninachokiomba si kikubwa. Punje nzima zinazotoka nchi inayolima OGM zisagwe au zipondwe kabla hazijasambazwa. Kuku hapotezi chochote, chakula chake hupondwa hata hivyo. Mashudu yaingie, yaandikwe. OCC, yenye kazi ya kukagua bidhaa mpakani, iwe na vijikaratasi vya kupimia, vile vinavyochovywa kwenye maji ya mahindi yaliyosagwa na kuonyesha mstari ndani ya dakika kumi hivi. Kipo cha protini ya Bt na kipo cha aflatoksini. Kwa mashudu yaliyopikwa cha OGM hakifai, maana moto umeiharibu protini, na hapo inahitajika maabara. Lakini kwa lori la punje kinafaa. Nikilazimishwa kuchagua kimoja kati ya viwili, nitachagua cha aflatoksini.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule mama na chupa ya kioo iliyokauka na chumvi kavu kidogo. Ni njia ya zamani ya maafisa kilimo. Unatia mahindi hadi theluthi ya chupa, unatia chumvi kidogo, unatikisa vizuri, unaiacha itulie. Chumvi ikibaki imeshika kwenye kioo, mahindi yana maji mengi na ukungu uko njiani. Ikianguka yote chini, yahifadhi. Tulijaribu gunia lake jipya palepale, wauzaji wa jirani wakiwa wametuzunguka. Chumvi ilishika kioo chote, nyeupe, kama barafu. Mama hakusema neno. Alilifunga gunia, akamwita kijana mwenye mkokoteni alirudishe lilikotoka. Halafu akaichukua chupa mkononi, akaigeuza kwenye mwanga, akaniuliza: «Na ya kuonyesha OGM iko wapi?»

Nikamwambia ipo, ni kijikaratasi kidogo kuliko kidole, na mahali pake ni Kasumbalesa.